Shamba na Mazao: Mitoo Iachwe Ichanue

Mtu aingiaye katika soko la Khayega au la Shinyalu, katika kaunti ya Kakamega, wakati wa mvua za masika, huwaona akina mama wameketi nyuma ya mafungu ya mboga za kienyeji: kunde, managu, saga, mrenda na mitoo. Fungu la mitoo hutambulikana upesi kwa majani yake membamba, yaliyopangika matatu matatu katika kikonyo kimoja. Lakini hata akilipita soko zima toka mwanzo hadi mwisho, si rahisi aone fungu lenye ua. Mitoo ikikaribia kuchanua, jani lake huwa gumu na uchungu wake huzidi, na mnunuzi hulikataa. Kwa hiyo mwenye shamba hukata mapema, hukata tena, na mwisho hung'oa. Hivyo mmea huu, ambao kwa asili yake ni ua la mwituni, huishi shambani na kufa bila kuchanua hata mara moja.

Watu wengi hudhani kwamba hapo hapana hasara. Jani limeliwa, fedha imepatikana, na ardhi imekuwa wazi kwa kupandwa kitu kingine. Walakini hasara ipo, na si ndogo. Haionekani katika mitoo yenyewe, bali huonekana katika maboga, kunde, nyanya na pasheni zilizo upande wa pili wa shamba hilo hilo.

UA LA NYUMBANI

Mitoo, ambayo Waluhya wengi huiita miro, ni ya ukoo wa mimea ambao wataalamu huuita Crotalaria. Ukoo huu una aina zipatazo 700 duniani, na aina kama 500 katika hizo ni za Afrika. Basi huyu si mgeni aliyeletwa kwa meli, ni mwenyeji. Jina la Crotalaria latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kayamba, kwa sababu ganda lake likikauka, mbegu hulegea ndani yake na kulia litikiswapo. Watoto waliokulia mashambani wanaijua sauti hiyo vizuri.

Aina zinazolimwa Kakamega kwa mboga ni mbili. Ya kwanza ina majani membamba yenye rangi ya kijani iliyofifia, na uchungu wake ni mkali. Hiyo ndiyo Crotalaria brevidens. Ya pili ina majani ya kijani king'aavyo, uchungu wake ni mdogo, na maganda yake ni manene yaliyofura. Hiyo ni Crotalaria ochroleuca. Zote mbili hutoa maua ya manjano yaliyopangana juu ya bua moja, yenye mistari myembamba ya rangi ya damu ya mzee.

Aina hii ya pili inajulikana pia Tanzania kwa jina la marejea. Katika miaka ya 1980, Padre Gerold Rupper wa abasia ya Peramiho, karibu na Songea, aliwahimiza wakulima waipande ili kuirudishia ardhi nguvu yake. Jina hilo lapatana na kazi yake, kwa maana panapopandwa marejea, rutuba hurejea. Mizizi yake ina vifundo vidogo ambamo wamo viumbe wasioonekana kwa macho, na hao huitwaa naitrojeni iliyomo hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea.

Katika meza ya Mluhya mitoo ina heshima yake. Hupikwa kwa munyu musherekha, ile chumvi ya majivu, ikachanganywa na kunde au mrenda ili kupunguza uchungu, ikatiwa maziwa na kuachwa ilale, na kesho yake huliwa kwa ugali. Kuna miaka ambapo mboga za namna hii zilidharauliwa zikaitwa chakula cha maskini. Mambo yamebadilika, na sehemu kubwa ya sifa ni ya wachunguzi kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ambaye alizitafiti mboga hizi kwa miaka mingi na kuonyesha ubora wake kwa mwili wa binadamu. Siku hizi mitoo huuzwa hata Nairobi. Lakini katika sifa zote hizo, jani ndilo lisifiwalo. Ua limesahauliwa.

KAZI ISIYOLIPWA MSHAHARA

Ili mmea uzae tunda au mbegu, yapasa chavua, yaani unga wa maua, utoke sehemu ya kiume ya ua na kufika sehemu ya kike. Mahindi huchukuliwa unga huo na upepo, na kwa sababu hiyo mkulima wa mahindi anaweza kuishi bila kumfikiri nyuki. Boga silo hivyo. Mboga wa maboga una maua ya kiume na maua ya kike mbalimbali. Hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya mchana kupita, na unga wake ni mzito wenye kunata. Upepo hauwezi kuubeba. Ikiwa hakuna nyuki afikaye katika saa hizo chache, kile kiboga kidogo kilichoanza kuonekana chini ya ua hugeuka manjano na kuanguka. Akija nyuki mmoja tu mara moja, aghalabu boga huzaliwa limepinda, nene upande mmoja na jembamba upande wa pili. Wakulima wengi wanapoona hivyo husingizia mbolea au mvua.

Nyanya nayo ina siri yake. Unga wa ua la nyanya umefungwa ndani ya vifuko vyenye tundu dogo. Wapo nyuki wa mwituni ambao hulishika ua kwa miguu na kuvuma kwa nguvu, hata unga ukamwagika kama utikiswao katika chekeche. Nyuki wa asali, pamoja na sifa zake zote, hajui kazi hiyo. Na ua la pasheni ni pana mno. Nyuki mdogo huingia akanywa utamu na kutoka bila kugusa pahali panapohusika. Humfaa yule nyuki mkubwa mweusi atoboaye miti mikavu, ambaye mgongo wake wafikia vile vichwa vya juu vyenye unga.

Mambo haya hayakukisiwa tu. Yalipimwa Kakamega kwenyewe. Dk. Mary Gikungu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya aliwachunguza nyuki wa Msitu wa Kakamega na mashamba ya kando yake, na katika kitabu cha uchunguzi wake cha mwaka 2006 alihesabu aina zaidi ya 200. Wengi wao si wa mzinga. Wako wanaoishi peke yao katika mashimo ardhini, wako wakatao majani na kujenga vyumba vidogo, na wako wale wadogo wasiouma ambao asali yao hutafutwa kuwa dawa.

Mwaka uliofuata, Dk. Muo Kasina alimaliza uchunguzi wake juu ya thamani ya nyuki kwa wakulima wadogo wa Kakamega. Yeye na wenzake waliyapima mazao manane, miongoni mwao maharagwe, kunde, nyanya, alizeti na pasheni, wakilinganisha maua yaliyofikiwa na nyuki na yale yaliyozuiwa. Waligundua kwamba mazao mengi kati ya hayo yalizaa zaidi na kwa ubora zaidi yalipotembelewa na nyuki, na kwamba karibu sehemu 40 katika kila 100 za thamani ya mazao hayo kwa mwaka zilikuwa ni faida ya kazi ya nyuki. Tena karibu faida yote hiyo ililetwa na nyuki wasiofugwa na mtu yeyote.

Jambo hilo lastahili kufikiriwa taratibu. Mkulima avunaye magunia matano anaweza kusema kwamba mawili kati ya hayo aliletewa na vibarua asiowajua, wasiodai mshahara, wala chai, wala ruhusa. Wanataka mambo mawili tu: chakula na pahali pa kulala.

NJAA YA NYUKI

Je, chakula hicho kipo? Hapo ndipo penye taabu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, kaunti ya Kakamega ilikuwa na watu 1,867,579 katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 3,000. Maana yake ni watu zaidi ya 600 katika kila kilomita moja ya mraba. Shamba lililokuwa la babu mmoja limegawanywa kwa wana, na wana wakawagawia wajukuu, hata jamaa nyingi hazina hata eka mbili. Mkulima mwenye shamba dogo hawezi kulaumiwa kwa kulima mpaka ukingoni. Lakini vichaka vya mipakani na maua ya kando ya njia, vilivyokuwa chakula cha nyuki, vimetoweka kidogo kidogo. Upande wa Mumias na Butere yamekuja mashamba ya miwa, na miwa hukatwa kwa ajili ya bua lake. Nyuki hapati kitu hapo. Mahindi hutoa unga wa maua, lakini hayatoi mbochi, yaani yale maji matamu ambayo ndiyo nguvu ya nyuki arukapo.

Maharagwe yaliyopandwa mwezi wa Machi huchanua mwishoni mwa Aprili na katika Mei, na baada ya majuma machache maua yamekwisha. Katika majuma hayo nyuki wana karamu. Baadaye huja njaa. Nyuki wa asali ana akiba katika mzinga wake, lakini wengi wa wale wa mwituni hawana ghala kama hiyo. Nyuki jike akatae majani huweka donge la unga na utamu kwa kila yai atagalo. Asipopata maua hatagi, na asipotaga, mwaka ujao kunde zitachanua na hakutakuwa na wa kuzitembelea. Mkulima anayetaka vibarua siku ya mavuno tu, na kuwafukuza kwa njaa miezi mingine, asishangae akikosa wa kumfanyia kazi.

MFANO WA IOWA, NA TOFAUTI YAKE

Taabu hii haikuwapata watu wa Kakamega peke yao. Huko Marekani, katika jimbo la Iowa, zamani palikuwa na mbuga kubwa za nyasi zilizojaa maua ya asili. Mbuga hizo zililimwa karibu zote, yakawa mashamba ya mahindi na soya yasiyo na mwisho. Kuanzia mwaka 2007, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Iowa State walijaribu jambo jipya: walichukua mashamba kadhaa, na katika baadhi yake wakatoa sehemu moja katika kila kumi na kuirudishia nyasi na maua ya mbuga, kwa mistari iliyokata shamba. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Wadudu wachavushao maua walikuwa zaidi ya mara tatu ya wale wa mashamba yasiyo na mistari hiyo, na udongo uliochukuliwa na maji ya mvua ulipungua sana.

Fundisho ni jema, lakini haliwezi kuchukuliwa lilivyo na kupandwa Shinyalu. Mkulima wa Iowa ana mamia ya eka. Akitoa sehemu ya kumi kwa maua, watoto wake watakula. Mkulima wa Kakamega mwenye eka moja akiambiwa atoe sehemu ya kumi kwa ua lisiloliwa, atacheka, na ana haki ya kucheka. Kwa hiyo ua lifaalo kwake ni lile ambalo kwanza ni mboga, pili ni mbolea, na tatu ni malisho ya nyuki. Mmea huo hana haja ya kuutafuta mbali, kwa kuwa tayari uko shambani mwake. Kinachotakiwa ni kuacha mstari mmoja tu usimalizwe kwa kisu.

Na mstari huo si sadaka. Yule aachaye mitoo ichanue ndiye apataye mbegu. Mama anayeng'oa yote hulazimika kununua au kuomba mbegu kila msimu, na mara nyingi hupata mbegu asiyoijua asili yake. Mstari wa nyuki ndio mstari wa mbegu. Akiba haiozi.

NAMNA YA KUPANDA

Mbegu za mitoo ni ndogo, kwa hiyo udongo ulainishwe vizuri na magugu yaondolewe. Vifereji vichimbwe kwa kina cha sentimita moja tu au kuzidi kidogo, na kati ya mstari na mstari pawe na futi moja, yaani sentimita 30. Yafaa mbegu zichanganywe na mchanga mkavu, ili zisimwagike zote mahali pamoja. Zifunikwe kwa udongo kidogo. Mvua ikiwapo, miche huonekana baada ya siku chache.

Miche ikifika kimo cha shubiri moja ipunguzwe, na iliyong'olewa ipikwe. Hayo ndiyo mavuno ya kwanza. Iliyobaki iachiane nafasi ya sentimita 15. Kuanzia juma la sita hadi la nane, mistari ya mboga hukatwa, ikaachwa visiki vyenye kimo cha sentimita 15 hivi ili ichipuze tena, na baadaye huvunwa kila baada ya majuma mawili.

Mstari wa ukingoni utendewe mambo mengine. Miche yake iachiane nafasi ya futi moja, kwa kuwa itafikia kimo cha mtu. Usikatwe kabisa. Na ikiwa mkulima anaweza, mstari wa pili ukatwe mara mbili kisha uachwe. Mmea uliokatwa huchelewa kuchanua. Hivyo mstari wa kwanza ukikaribia kumaliza maua yake, wa pili utaanza, na nyuki watapata chakula kwa muda mrefu zaidi, hasa katika yale majuma ambayo maharagwe yamekwisha kuchanua. Anayepanda Machi apande tena mwezi wa Agosti au Septemba, mvua za vuli zianzapo.

Mahali pazuri ni mpakani, kando ya maboga, kunde au pasheni, palipo na jua. Mistari mifupi katika kingo mbalimbali hufaa kuliko kichaka kimoja mbali, kwa sababu nyuki wengi wadogo hawaruki mwendo mrefu.

Maua yakitoka, yafaa mkulima asimame mbele yake asubuhi na kutazama. Ua la mitoo lina jani moja lililosimama juu kama bendera, mawili ya pembeni kama mabawa, na mawili yaliyoungana chini mfano wa mtumbwi wenye ncha. Unga umefichwa ndani ya mtumbwi huo. Nyuki mzito akitua juu ya mabawa, mtumbwi husukumwa chini, na unga hutoka katika ncha kama dawa ya meno itokavyo katika mrija, ukampaka tumboni. Nyuki mwepesi hawezi kuufungua mlango huo vizuri. Kwa sababu hiyo mitoo huwaita hasa wale nyuki wakubwa weusi na wale wakatao majani. Katika jamaa yake wa Bara Hindi, alimwaye kwa ajili ya nyuzi za kamba, imejulikana kwamba nyuki wa namna hiyo wasipofika, mbegu huwa haba.

Maganda yakigeuka rangi ya kahawia yachumwe asubuhi, umande ungalipo, maana jua likiwa kali hupasuka na kumwaga mbegu. Yaanikwe juu ya mkeka, yapigwe kwa fimbo, yapepetwe, na mbegu ziwekwe katika chombo kikavu. Mashina yaliyobaki yasichomwe moto. Yakatwekatwe na kuzikwa palepale. Kwa shamba lenye lile gugu la kiduha ambalo Waluo huliita kayongo, faida ni zaidi, kwa kuwa mizizi ya marejea huziamsha mbegu za kiduha zilizomo udongoni, zikaota na kufa kwa kukosa mzizi wa kunyonya.

PAHALI PA KULALA

Nyuki akipewa chakula bila nyumba, atahamia kwa mwingine. Yule nyuki mkubwa mweusi ana adui wengi katika vijiji. Kwa kuwa hutoboa boriti za jikoni, watu humwagia mafuta ya taa katika matundu yake, na watoto humpiga kwa fimbo. Ni kweli kwamba huharibu mbao. Lakini hutoboa hasa mti mkavu usiopakwa rangi. Basi boriti zipakwe rangi, na magogo mawili matatu yaliyokauka yawekwe kando ya uzio, mahali pasiponyeshewa sana. Nyuki akatae majani huacha alama za mviringo kwenye majani ya waridi au ya maharagwe, na wengine humdhania kuwa mdudu mharibifu wakampulizia dawa. Hali jani, anabeba kipande akajenge chumba cha mwanawe. Na wale waishio ardhini huhitaji kipande kidogo kisicholimwa, hata kama ni upana wa mlango tu.

Juu ya dawa za wadudu, kanuni ni fupi. Mmea ulio katika maua usipuliziwe dawa. Ikiwa hapana budi, dawa ipulizwe jioni, nyuki wakiisha kurudi kwao, na isifikie mstari wa mitoo. Mitoo ina viwavi wake, watoto wa nondo mweupe mwenye madoa mekundu na meusi, ambao hutoboa maganda na kula mbegu. Katika mstari mmoja au miwili, viwavi hao waokotwe kwa mkono asubuhi. Kazi hiyo haichukui muda mrefu, na haiui kibarua pamoja na mwizi.

HADHARI

Jambo moja lisisahauliwe. Aina nyingi za Crotalaria zina sumu, hasa katika mbegu, na sumu hiyo hudhuru ini la ng'ombe na la wanyama wengine. Mitoo ya mboga huliwa majani yake machanga tu. Mbegu na maganda visiliwe na watu, wala visimwagiwe kuku, wala ng'ombe wasifungiwe kando ya mstari ulioiva. Tena mtu asichume msituni au njiani mmea ufananao na mitoo akaupika, kwa kuwa ndugu hawa hufanana sana kwa sura na hutofautiana kwa tabia. Mbegu ya kupanda ipatikane kwa mtu aliyeila mboga hiyo na kuijua.

HESABU YA MKULIMA MWENYEWE

Huenda katika nyumba nyingine pakawa na mabishano. Mama aweza kusema kwamba mstari ule ungempa mafungu kumi ya kuuza Jumamosi, na karo ya shule haingojei nyuki. Hilo ni neno la kweli, na asiyelijibu hastahili kutoa shauri. Jibu lake ni hesabu. Mafungu kumi yaandikwe upande mmoja wa karatasi. Upande wa pili yaandikwe mambo matatu: mbegu ambazo hazitanunuliwa msimu ujao, mbolea iliyobaki katika ardhi, na tofauti ya maboga na kunde.

Tofauti hiyo yaweza kupimwa hata na mtoto aendaye shule. Kabla ya kuanza, ahesabu viboga vidogo vilivyojitokeza katika mashina matano, kisha ahesabu vingapi vilikomaa na vingapi vilianguka. Msimu ufuatao, mitoo ikiwa imechanua mpakani, ahesabu tena katika mashina matano. Msimu mmoja hautoshi kuthibitisha jambo, maana mvua nazo hutofautiana. Ahesabu miwili, mitatu. Na jirani akishawishika kuacha mstari wake pia, matokeo yatakuwa bora kwa wote wawili, kwa kuwa nyuki haijui mipaka iliyowekwa na wapimaji wa ardhi.

Wazee wamesema, fuata nyuki ule asali. Katika mashamba madogo ya Kakamega methali hiyo ina maana pana kuliko asali. Anayemfuata nyuki kwa macho, toka ua la mitoo hadi ua la boga, ataona kwa nini kisu kizuiwe katika mstari mmoja. Mvua zijazo zinakaribia, na mbegu ya mstari mmoja hujaa katika kiganja cha mkono.